Gari la Waya Limepata Redio

Limetembea! Naandika haya mikono ikiwa bado inanuka risasi ya kulehemu, suruali imejaa vumbi hadi magotini, na nje ya lango letu hapa Nakuru watoto sita wamepanga foleni wakingoja zamu ya kushika rimoti. Gari lenyewe lina siku tatu tu nyumbani kwangu. Siku tatu, na tayari nimesahau Jumamosi zangu zilikuwa zikienda wapi kabla halijaja.

Katoni yenye seti ya vipande vyake ilifika Ijumaa jioni kwa matatu kutoka Nairobi, imezungushiwa selotepu kama mzigo wa mayai, nami nikaifungua papo hapo mezani, chai ikapoa. Sahani mbili za plastiki ngumu inayopitisha mwanga, zimetobolewa matundu kila upande. Mota nne za manjano, kila moja na giaboksi yake ndogo ubavuni. Magurudumu manne yenye mpira mweusi, kipenyo milimita 65. Mfuko wa skrubu na nati ndogo kama mbegu za papai. Kisha zikaja bodi, na hapo ndipo moyo ulipoanza kwenda mbio: Arduino Uno ya buluu kwa ajili ya gari, Nano nyembamba kwa ajili ya rimoti, bodi nyekundu ya L298N ya kuendesha mota, joistiki moja ya kusukuma kwa kidole gumba, na chini kabisa, ndani ya karatasi ya kung'aa, redio mbili za nRF24L01+, kila moja kama stempu ya barua. Pamoja na betri mbili na chaja yake, nimelipa karibu shilingi 6,000. Kwa pesa hizo nimepata gari, redio, kompyuta mbili na shule nzima ya umeme.

Kila aliyelelewa pande hizi, kuanzia Njoro hadi Gilgil, analijua gari la waya. Unakusanya waya, unaukunja ukawa boneti na kabini, magurudumu unayakata kwenye kandambili zilizochakaa, halafu kwenye ekseli ya mbele unafunga waya mrefu unaopanda hadi kifuani, na juu yake unakunja duara: usukani. Unalisukuma ukilikimbilia nyuma, mdomo ukinguruma. Uzuri wake wote umo katika ule waya mrefu. Mkono unageuka huku, gurudumu linageuka kule. Sasa fikiria mtu akaukata waya huo katikati, akarudi nyuma hatua hamsini, akageuza mkono wake, na gurudumu likageuka vilevile. Hicho ndicho kilichomo ndani ya katoni hii, na ndiyo sababu siwezi kuizungumzia kwa sauti ya chini.

Bodi kwanza. Uno imebeba maikrokontrola iitwayo ATmega328P, chipu nyeusi ndefu yenye miguu 28 kama tandu. Inapiga mapigo milioni 16 kwa sekunde na ina kilobaiti 32 tu za kuhifadhia programu. Picha moja ya simu yako haitoshi humo! Lakini gari halihitaji picha. Linahitaji kusoma amri, kuamua, kutenda, na kurudia tena na tena bila kuchoka, na kazi hiyo chipu hii inaifanya kana kwamba imezaliwa nayo. Arduino ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka wa 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu ambao hawakuwa wahandisi, na michoro yake ikaachwa wazi kwa yeyote kuiunda. Uwazi huo ndio umeishusha bei hadi mtu wa mitaa yetu ya Kaptembwo au Free Area akaweza kuinunua bila kuuza mbuzi.

Mpwa wangu wa Gredi ya 8 ndiye aliyeichomeka kwenye kompyuta. Shuleni wana somo la Pre-Technical, kwa hiyo bisibisi na koleo si wageni kwake, ila hakuwa amewahi kuandika programu hata mstari mmoja. Tukaanza pale wanapoanzia watu wote: kuwasha na kuzima taa ndogo iliyounganishwa na pini nambari 13. Akabonyeza, tukangoja, taa za mawasiliano zikacheza, kisha ile taa moja ikaanza kuwaka na kuzimika polepole.

"Mjomba, hii ni mimi nimeiambia?"

"Ni wewe."

Akabadilisha nambari, taa ikaenda mbio. Akaibadilisha tena, ikawa inakonyeza mara tatu na kupumzika. Nusu saa ikapita hivyo, na sikumharakisha hata kidogo. Ukipata seti kama hii, tafadhali usiiruke taa ya pini 13 kwa haraka ya kutaka kuona magurudumu. Pale ndipo mtoto anapogundua kwamba kitu hiki kinatii.

Na sikia hili: chipu haijali unatumia lugha gani. Maneno machache ya amri yana tahajia yake na lazima uyaandike hivyohivyo, lakini majina unayotunga ni yako. Programu ya gari letu ina kazi zinazoitwa nenda(), rudi(), pinda() na simama(). Kasi inaitwa mwendo. Upande mmoja wa mota ni kushoto na mwingine ni kulia. Mpwa wangu aliisoma programu yote kwa sauti kutoka juu hadi chini, kama barua, na mama yake aliyekuwa akipika chapati akaelewa karibu yote. Nimesoma vitabu vingi vya kufundishia mambo haya. Sikumbuki kimoja kilichonipa furaha ya namna hiyo.

Sasa mota. Pini ya Uno inatoa umeme kidogo sana, miliampea 20 kwa starehe na 40 ikibanwa hadi mwisho, na mota hata ikizunguka hewani bila mzigo inataka mara kadhaa ya hizo. Ukiiunganisha moja kwa moja unaichoma chipu. Kazi ya L298N ni kusimama katikati. Ndani yake, kwa kila upande wa gari, mna swichi nne za transista zilizopangwa kama herufi H, mota ikiwa ule mstari wa katikati. Zikifunguka mbili za mshazari, umeme unapita mota kwa njia moja na gurudumu linaenda mbele. Zikifunguka zile nyingine mbili, umeme unapita kinyume na gurudumu linarudi nyuma. Bodi ni ya muundo wa zamani na inapoteza karibu volti 2 njiani kama joto, na wengi huilaumu kwa hilo. Mimi hapa naisifu! Betri zetu mbili za 18650 zikifungwa kwa mfuatano zinatoa volti 7.4, na mota hizi za manjano ni za volti 3 hadi 6. Ukitoa zile 2, mota zinapata kiasi kinachozifaa kabisa. Hasara imegeuka neema.

Tukafika kwenye redio, na redio ikakataa.

Nilihakikisha kila waya mara tatu. Redio hii inakula volti 3.3 tu, ukiipa 5 umeiua, na hilo nililichunga kama yai. Programu ya kutuma ilikuwa sawa, ya kupokea ilikuwa sawa. Mara ujumbe mmoja unapita, mara kumi zinapotea. Saa nne usiku nikazima taa nikiwa nimekunja uso. Jumamosi asubuhi nikaibeba hadi kwa fundi wa redio nyuma ya soko, mzee ambaye amekuwa akitengeneza redio za nyumbani tangu nikiwa mtoto. Hakuwa ameiona nRF24L01+ maishani mwake. Aliigeuza mkononi, akauliza inakula volti ngapi na kama inakula kwa mkupuo. Nikamwambia ndiyo, kila inaporusha ujumbe inavuta ghafla.

"Basi inaona kiu," akasema. "Ipe mtungi."

Akanyoosha mkono kwenye sanduku la redio zilizokufa, akachomoa kapasita moja ya maikrofaradi 10 kwa ncha ya moto, akanionyesha mstari wa upande wa hasi, akailehemu palepale kati ya pini ya umeme na pini ya ardhi ya redio yangu. Hakutaka hata shilingi. Kapasita inafanya kazi ya mtungi wa maji mlangoni: bomba likikatika kidogo, nyumba haikosi. Nilipofika nyumbani na kuwasha, ujumbe ukapita wote. Wote! Kipande kilichotoka kwenye redio ya kizamani kimeihuisha redio ya juzi, na kila nikilitazama gari naona kile kipipa kidogo cheusi kimesimama pale kama mlinzi.

Redio hizi zinazungumza kwenye masafa ya gigahezi 2.4, mtaa uleule wa Wi-Fi na Bluetooth, mawimbi yenye urefu wa sentimita 12 na nusu. Sisi tumekaa chaneli ya 76, yaani megahezi 2,476. Kila ujumbe unabeba hadi baiti 32, na yetu inatumia chache tu: kidole gumba kimesukuma kiasi gani mbele na kiasi gani pembeni. Gari likipokea, redio yake inajibu yenyewe kwamba imepata. Nikola Tesla alipowaonyesha watu wa New York mashua yake ya kuongozwa kwa redio, mwaka wa 1898, ilikuwa ni maajabu ya ukumbini. Leo maajabu hayo yanatoshea kwenye kiganja cha mpwa wangu, msichana wa miaka 13.

Tukaliweka chini, kwenye saruji ya uani. Akasukuma joistiki mbele. Gari likazunguka papo hapo kama kuku aliyekatwa shingo.

"Mjomba, mbona linazunguka tu?"

Kabla sijafungua mdomo alikuwa amepiga magoti. Upande wa kushoto unaenda mbele, wa kulia unarudi nyuma. Akabadilisha nafasi za waya mbili za upande wa kulia kwa bisibisi, nyekundu mahali pa nyeusi, akasimama, akasukuma tena. Likaenda. Likaenda moja kwa moja hadi ukutani, likagonga, likarudi, likapinda kwa kuzungusha upande mmoja haraka kuliko mwingine, maana halina usukani wowote wa ekseli, linageuka kama trekta la minyororo. Tulipiga kelele hadi jirani akachungulia juu ya ua.

Mambo mawili ya kurekebisha tukayaona palepale. La kwanza, joistiki ikiachwa haisomi katikati kamili. Inapaswa kutoa 512 kati ya 0 na 1023, yetu inatoa 507 upande mmoja na 519 upande mwingine, na gari likawa linatetemeka bila kuguswa. Tukasema chochote kati ya 480 na 540 kihesabiwe kuwa ni kusimama. Na kwa kuwa mwendo unapimwa kuanzia 0 hadi 255, tukagundua kwamba chini ya 90 mota zinaguna tu bila kusogea, basi tukaanzia hapo.

La pili lilinitisha kidogo. Tulipolipeleka barabarani likaenda mbali kupita upeo wa redio, na badala ya kusimama likaendelea na amri ya mwisho iliyokuwa kichwani mwake: nenda. "Mjomba, halisimami!" Likaingia mtaroni. Bahati nzuri mtaro ulikuwa mkavu. Jioni ile tukaongeza mistari mitatu: kama milisekunde 300 zimepita bila ujumbe wowote, simama(). Sasa tunalipeleka kwa kasi, tunazima rimoti makusudi, nalo linasimama kana kwamba limeshikwa begani. Ukiunda lako, andika mistari hiyo kabla ya kufunga magurudumu. Nakuomba.

Vipimo, kwa wanaopenda vipimo. Kwenye saruji linakwenda mita 10 kwa sekunde 17. Redio, uwanjani pasipo kuta, ilishika hadi hatua 60 hivi tulipoipunguzia kasi ya kutuma ikawa kilobiti 250 kwa sekunde. Betri zikijaa, tunacheza saa moja na robo. Kumbuka tu seli za lithiamu hazitaki kukaushwa kabisa wala kuchajiwa kwa chaja ya kubahatisha. Hapo usibane shilingi.

Halafu tukaenda kwenye vumbi.

Lazima niwaeleze vumbi letu. Jina lenyewe la Nakuru husemwa latokana na Kimaasai, mahali pa vumbi, na ardhi hii ni jivu la volkano tangu enzi za Menengai. Mwaka wa 2021 Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia, baada ya kukosekana tangu 2002, madereva wakubwa walikuja Naivasha wakakutana na ule unga laini wanaouita fesh-fesh, unaomeza gurudumu zima. Sébastien Ogier alishinda mwaka huo, Takamoto Katsuta akawa wa pili, na sisi tuliosimama kando ya njia pande za Elmenteita tulirudi nyumbani tumepakwa rangi moja, nywele, nyusi na mandazi ya mfukoni. Tangu siku ile nimetamani kuliona gari nililoliunda mwenyewe likitimua wingu lake. Na lilitimua! Dogo, la kufika kifundo cha mguu, lakini wingu kamili, lenye mkia, likining'inia kwenye jua la saa kumi.

Dakika ya kumi na tano, sahani ya chini ikapasuka. Ile plastiki inayopitisha mwanga ni nzuri mezani na ni dhaifu kwa mawe. Kila inapogonga inapokea pigo lote bila kukunjika, na matundu yale mengi ni njia za ufa. Hapa ndipo seti hii inapokosa, na nasema wazi: kwa sakafu ya darasa inatosha, kwa barabara zetu haitoshi.

Nilikuwa nimeshaanza kufikiria gundi. Lakini kijana wa jirani, wa miaka kama kumi, alikuwa amesimama pembeni tangu mwanzo bila kusema neno, mkononi ameshika usukani wa gari lake la waya. Gari zuri ajabu: pikapu, lenye bampa, spea nyuma, hata vioo vya pembeni. Akaliinua.

"Anko, si muweke hizo vitu ndani ya hii?"

Tulifanya kazi hadi giza likaingia. Alikata ekseli zake mwenyewe, akakunja vishikio vinne vya kubana zile mota za manjano, na namna alivyokunja waya kwa koleo, bila kipimo na bila kurudia, ningeweza kuitazama wiki nzima. Waya mtupu ukigusa pini za chini ya bodi unaunguza kila kitu, kwa hiyo tukakata kipande cha mtungi wa mafuta ya kupikia, tukakitandika chini ya Uno kama mkeka. Mara ya kwanza redio ilishika hatua 15 tu, maana tulikuwa tumeifungia ndani ya kizimba cha chuma, na chuma kinazuia mawimbi. Mpwa wangu akachukua bomba la kalamu, akaifunga redio kileleni, akalisimamisha juu ya kabini kama bendera. Hatua 50. Uzito umeongezeka kidogo, na kila likigonga jiwe mwili wote unapinda na kurudi, haukatiki. Nimeziona picha za fremu nyingi za magari haya kutoka Shenzhen na kwingineko. Kwa murram, sijaona inayolishinda gari la waya kutoka mtaani kwetu.

Leo asubuhi ndiyo mara ya kwanza limekimbia mchana likiwa na mwili wake mpya. Mpwa wangu alisimama langoni na rimoti. Gari likapanda barabara likitimua vumbi, kapasita ya mzee ikiwa mahali pake, antena ikiyumba juu ya bomba la kalamu. Kijana alikuwa nyuma yake anakimbia, ingawa hakuna aliyemwambia akimbie, mdomo ukinguruma, mikono miwili mbele ya kifua imeshika usukani ambao haupo tena, na kila gari lilipopinda, mikono yake ilipinda nalo.